Uongo Nilioupigilia kwenye Ukuta wa Baba Mkwe

Usinihurumie. Huruma yako wawekee watu wengine utakaowakuta kwenye ukurasa huu. Mimi nilisema uongo nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, kikombe cha chai mkononi. Tena si uongo wa kawaida, wa kumsingizia jirani au kumficha mume hela ya sokoni. Mimi nilimtilia marehemu maneno mdomoni!

Sasa uongo huo umepigiliwa ukutani kwangu, kwenye kibao cha shaba. Kila asubuhi nikitoka kufagia baraza nausoma, nitake nisitake. Kuung'oa siwezi, maana ni kosa la kunipeleka mahakamani. Kuhama pia siwezi, na utaona kwa nini.

Jina langu litabaki kwangu. Ujue tu kwamba mimi ni mwanamke wa Bukavu. Niliingia Kampala wakati kwetu kunawaka moto, nikiwa msichana, nikaanza kutembeza vitenge begani huko soko la Owino mpaka nikapata kibanda. Hapo ndipo nilipokutana na mume wangu, Muganda mmoja mpole aliyekuwa anatengeneza redio upande wa Nakivubo. Alikuja kununua kitenge cha dada yake. Kesho akaja kununua kingine cha dada yake. Wiki nzima! Wenzangu wakaanza kuniuliza huyu mwanaume ana dada wangapi. Alikuwa na mmoja tu.

Tulipooana akanipeleka kuishi kwa baba yake, kule kwenye kilima cha Mengo.

Ngoja nikuambie nyumba yenyewe, maana ndiyo chanzo cha yote. Ni ya ghorofa, ya matofali mekundu ya kuchoma, ya enzi za wale machifu wa kwanza waliojifunza ujenzi kwa wamisionari. Babu ya mume wangu aliijenga. Kuta zake ni nene hata unaweza kukaa dirishani ukachambua mchele. Ina baraza la nguzo mbele na nyuma. Ndani kuna ngazi ya mvule iliyopanda kwa kujikunja, mbao zimekuwa nyeusi kwa kushikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Chini ya ngazi kuna chumba kidogo kisicho na dirisha. Sisi tulikuwa tunaweka makaa humo, na majerikeni.

Niliipenda nyumba ile siku ya kwanza. Mimi niliyelala kwenye maturubai njia nzima kutoka kwetu, nikaweka mkono kwenye ule ukuta nikasema moyoni, huu hautaanguka.

Mume wangu hakukaa sana. Lori lilimgonga asubuhi akienda kazini, akaniacha na binti yetu mchanga. Nilianza kufunga mizigo, maana nilijua hadithi za wajane. Baba mkwe akaniita. Mimi nilimwita Taata, kama watoto wake. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mukamwana, wewe nafunga nini? Hapa ndiyo kwako. Fungua hiyo mizigo."

Mukamwana ndiyo mke wa mtoto wake. Aliniita hivyo mpaka mwisho.

Halafu Taata akaugua, akalala kitandani asiinuke. Na hapa lazima uelewe jambo moja la watu wa hapa. Kwao mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hata kumpa kikombe mkononi ni taabu, unakiweka chini akichukue mwenyewe. Wanasema ukivunja mwiko huo unapata ugonjwa wa kutetemeka mwili mzima. Sasa nani amwogeshe? Binti yake, wifi yangu Ruth, alikuwa anaishi kwenye maghorofa ya Bugolobi, ana kazi na ana watoto wake, alikuja Jumapili tu. Wauguzi wa kulipwa walikimbia mmoja baada ya mwingine, maana Taata alikuwa na ulimi.

Nikamwogesha mimi. Nilisema mgonjwa ni mgonjwa. Majirani wakanong'ona weee, wakawa wananiangalia mikono kama inaanza kutetemeka! Haikutetemeka. Inatetemeka leo, ninapoandika haya.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa naye siku zote alikuwa mimi. Alichokisema mwishoni nilikisikia mimi peke yangu. Kumbuka hilo.

Siku moja baada ya chakula cha mchana mvua ilinyesha kubwa. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akaniambia, "Funga mulango." Nikafunga. Kisha akaanza.

Ilikuwa miaka ile ya vita, kabla ya serikali hii. Mkewe na watoto alikuwa amewapeleka kijijini, amebaki yeye kulinda nyumba. Mvua ilikuwa kama hiyo ya siku hiyo. Kijana akaja kugonga mlango kwa mikono miwili.

"Alisema, Jajja nificha, Jajja nificha, wako nyuma yangu," Taata akasema, na jajja kwao ni babu. "Mimi nilikuwa kwa ngazi. Niliona yeye kwa dirisha. Alikuwa na koti ya mvua ya polisi. Koti kubwa, mikono ya koti amekunja. Mimi nikasema, polisi gani naomba kufichwa? Huyu wametuma. Nikifungua, mimi nakufa."

Nikamuuliza, "Ukafanya nini, Taata?"

"Nilikaa kwa kidato ya chini. Alipiga mulango, mimi nakaa. Halafu gari ikakuja. Walibeba yeye pale kwa mufenesi. Mulango ikanyamaza."

Alilia, yule mzee. Alilia bila sauti, machozi yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nikayafuta kwa kanga yangu. Ndipo akaniuliza swali ambalo nalibeba mpaka leo:

"Wewe, mukamwana. Wewe ungefungua?"

"Ningefungua, Taata," nikajibu. Haraka haraka, kama mtu anayeulizwa kama chai ina sukari.

Akageukia ukutani. Hakuongea tena habari hiyo, na hakukaa sana akafa.

Sasa sikiliza upumbavu wangu!

Baada ya maziko Ruth akaja kunikalisha barazani. Akaniambia mnunuzi amepatikana. Nyumba itabomolewa, litajengwa jengo la maduka. "Usiogope, mulamu," akasema, maana mawifi hapa huitana hivyo. "Sitakutupa."

Sitakutupa! Neno hilo nililisikia vibaya rohoni. Mtu anasema hatakutupa pale anapokuwa ameshakushika tayari kukutupa, ndivyo nilivyowaza. Sikuuliza amenipangia nini. Sikuuliza neno! Niliitikia tu, kale, kale, yaani sawa, sawa, huku moyoni nimeshakunja ngumi.

Siku hizo alikuwa anazunguka kilimani dada mmoja msomi wa mambo ya majengo ya kale. Alikuja na kamera na futi ya kupimia, anapapasa kuta za watu kama mkunga anavyopapasa tumbo. Akafika kwangu. Akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Akapiga magoti kutazama jinsi mbao zilivyounganishwa bila msumari. Nikamtengea chai.

"Nyabo, hii nyumba iko ya ajabu," akaniambia, akiniita mama kwa Luganda. "Ngazi kama hii sijaona Kampala yote. Serikali inaweza kuilinda, hakuna mtu atagusa. Lakini nikuulize, iko na stori? Kuna kitu ilitokea hapa?"

Kitu kilitokea, ndiyo. Kilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilimwona Taata amelala chali. Kisha nikaliona tingatinga linapanda kilima, nikajiona mimi na binti yangu tuko barabarani na mizigo.

"Iko," nikasema. "Wakati wa vita, mzee alificha watu. Pale chini ya ngazi. Vijana waliokuwa wanawindwa. Aliwaficha, halafu akawatorosha kwenda magharibi. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa."

Kalamu ya yule dada ilisimama. Macho yakamjaa machozi. Jamani, hapo ndipo ningeweza kucheka nikasema natania! Badala yake nilinyanyuka nikaenda kutoa magunia ya makaa, nikamwonyesha chumba.

Ruth hakuwa na jinsi. Nyumba ikawekwa chini ya ulinzi, mnunuzi akakimbia, mashirika ya watu wa historia yakaja kupiga picha. Kibao kikaletwa kwa sherehe, na wazee wa kilima wamevaa kanzu na koti. Kimeandikwa habari za matofali na ngazi, halafu chini: hapa mwenye nyumba alihifadhi vijana waliowindwa wakati wa vita. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga!

Walipoondoka Ruth akabaki. Alikaa kwenye ngazi, kwenye kidato kilekile alichokalia baba yake siku ile, bila kujua.

"Taata alikuwa muoga," akaniambia. Hakupandisha sauti. "Panya ikipita, alikuwa naita Mama. Sisi tulimpenda na woga yake. Wewe umeleta mtu mwingine kwa nyumba yetu, unasema ndiye baba yangu."

Nikasema aliniambia mwenyewe.

"Sikatai. Nitakataa namna gani? Nisimame mbele ya watu niseme baba yangu hakuficha mtu? Umenifunga mdomo na jina ya baba yangu." Akanyanyuka, akajipangusa sketi. "Nilikuwa nimekutafutia vyumba viwili Bugolobi, nyuma ya kwangu. Nilichagua hata pazia."

Akaondoka. Toka siku ile hanywi maji kwangu. Tukikutana kwenye misiba ananisalimia vizuri, kwa heshima yote, na heshima hiyo inanichoma kuliko matusi.

Na mimi nikabaki na nyumba yangu. Ulinzi ni ulinzi, ndugu yangu! Paa likivuja huruhusiwi kupachika bati lolote ulilopata, lazima liwe la namna ileile. Ukuta ukimeguka huruhusiwi kupiga sementi, mpaka waje na chokaa yao, na hawaji. Dirisha huwezi kupanua, mlango huwezi kubadilisha. Kuuza hatuwezi, kubomoa hatuwezi. Mvua ikianza natandaza mabeseni ghorofani. Ule ukuta niliosema hautaanguka, haujaanguka kweli. Umenisimamia pande zote.

Hayo yote ningeyavumilia. Ningesema ni malipo yangu, nikanyamaza. Lakini habari ya kibao ilitoka redioni, na Alhamisi moja mama mzee akagonga mlango.

Nitamwita Mama Isaka, si jina lake. Mume wake alikuwa polisi, watoto wao walikulia kambini, kwa hiyo Kiswahili chao ni cha nyumbani, wanakiongea kuliko Luganda. Alikuja na mtoto wake mwanamume, mtu mzima, huyo nitamwita Danieli. Mama alikuwa mdogo wa mwili, amevaa gomesi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama katikati ya sebule anatazama ngazi.

"Mwanangu wa kwanza alipotea wakati wa vita," akasema. "Isaka. Alikuwa anasoma. Walikuja kumtafuta kambini, akatoka mbio na mvua. Mara ya mwisho alionekana anapanda kilima hiki. Sasa nimesikia kwamba hapa kulikuwa na mtu wa Mungu. Nimekuja kuuliza kama mzee alikutajia mtoto wangu."

Nikamuuliza, ili nipate la kusema tu, "Alikuwaje, mama?"

"Mrefu, mwembamba. Ungemjua kwa koti. Alivaa koti la mvua la baba yake, la polisi. Lilikuwa kubwa, nilimkunjia mikono yake mwenyewe mlangoni."

Mungu wangu! Nilijishika kwenye nguzo ya ngazi.

Yule mama alinitazama akaona uso wangu. Akaona nimemjua mtoto wake! Uso wake ukafunguka, akanishika mikono yote miwili.

"Alikutajia! Alimtaja! Alikuwa hapa?"

Nifanye nini? Niambie wewe, ungefanya nini! Alikuwa ananitazama hivi, mikono yake ya baridi imenishika. Nikasema:

"Alikuwa hapa, mama."

"Na akatoka salama?"

"Alitoka."

"Akaenda wapi?"

"Magharibi. Kongo, nadhani."

Alipiga magoti pale pale, akatambaa akaingia kwenye kile chumba cha makaa. Alipapasa ukuta wote mpaka viganja vikawa vyeusi. Alikuwa anasema, asante baba, asante baba, anamshukuru mkwe wangu. Danieli alisimama mlangoni anajifuta macho kwa kofia. Mimi nilikwenda jikoni nikashika meza.

Tangu hapo Mama Isaka alikuja kila Alhamisi. Aliniletea matoke, akaniletea mayai. Alimletea binti yangu sweta alilofuma mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda ndani ya kile chumba, mlango wazi, akiongea na Isaka kidogo kidogo, habari za nyumbani, nani kaoa, nani kazaa. Danieli alimsubiri barazani anasoma gazeti. Ndiyo, gazeti hili hili, lile linalokuja na mabasi. Na mama alipomaliza kukaa na mwanawe, alitoka akaketi kwa Danieli akamwambia, "Nisomee ukurasa wa watu wanaoungama." Alikuwa anaupenda ukurasa huu! Danieli akamsomea, mama anatikisa kichwa, anasema, "Maskini, maskini huyo." Mimi nikipita na birika nilisikia.

Halafu alinigeukia. "Wewe unatoka huko Kongo. Ukienda kuchukua vitenge, uniulizie. Mtu mrefu, anaitwa Isaka. Sasa atakuwa na mvi."

Nikasema nitauliza. Nimesema hivyo sijui mara ngapi.

Sasa nikwambie gharama yenyewe, maana hapa ndipo uongo wangu unapoua mtu polepole. Watu wa hapa wakifiwa hawamalizi kwa kuzika. Kuna shughuli ya mwisho inayoitwa lumbe. Ukoo unakusanyika, marehemu anapewa mrithi, watu wanakula na kucheza ngoma, na huyo aliyekufa anaachiliwa aende. Hata kama mwili haukupatikana, wanazika shina la mgomba badala ya mtu. Ukoo wa Mama Isaka ulikuwa tayari. Walikuwa wameshapanga kumzika Isaka kwa mgomba na kumfanyia lumbe pamoja na baba yake. Mimi nilipofungua mdomo, mama akakataa. "Mwanangu yuko hai Kongo, mnamzikaje?" Akakataa hata lumbe ya mumewe, akisema mrithi wa baba ni Isaka, na Isaka yuko njiani. Mambo ya ukoo mzima yakasimama. Danieli hajawekwa kwenye nafasi yoyote, yuko tu, ana mvi sasa yeye, anamsindikiza mama yake kila Alhamisi kwenda kumtembelea kaka yake kwenye chumba cha makaa.

Siku moja yule dada wa majengo alirudi kukagua paa. Nikamtengea chai kwenye kikombe kilekile. Nikamuuliza, kama kwa mchezo, kama nyumba ingelindwa hata bila ile habari ya watu waliofichwa.

Alicheka. "Nyabo, hii nyumba ilikuwa imeshapita kabla mimi sijaingia ndani. Ni hii ngazi, na matofali. Stori niliweka tu ili watu wapende."

Ilikuwa imeshapita! Mimi nilikaa pale nimeshika birika. Niliuza kila kitu, Ruth, jina la Taata, yule mama, nikanunua kitu ambacho nilikuwa nacho tayari. Na siwezi hata kusema nilidanganywa. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwa haraka yangu.

Baada ya siku hiyo nilijaribu kumwambia Mama Isaka. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nilikwenda nikachuchumaa mlangoni mwa kile chumba nikasema, "Mama, kuna kitu kuhusu ile siku ya mvua." Akanigeukia akitabasamu. "Sema, mwanangu." Nikasema, "Mzee alikuwa na hofu sana." Akanipiga kofi dogo begani. "Sasa si ndiyo uzuri wake? Aliogopa na akafungua." Akarudi kuzungumza na Isaka. Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Binti yangu sasa ni mkubwa, ndiye anayezungusha wageni wakija. Anawasimulia babu yake shujaa, anawafungulia chumba, sauti inamtetemeka mahali panapotakiwa. Nilimfundisha mimi. Nikimwambia kweli, nitakuwa nimemnyang'anya babu na mama kwa siku moja.

Nimebanwa hapa. Kila nikigeuka kuna mtu ninayempenda amesimama juu ya uongo wangu.

Alhamisi mbili zimepita Mama Isaka hajaja. Ya tatu alikuja Danieli peke yake. Alikataa kuingia, akasimama chini ya mfenesi na gazeti lake kwapani. Alisema mama ameanguka, hawezi kupanda kilima tena, na daktari amewaambia wakae naye karibu. Ukoo unataka lumbe ifanyike sasa, mama akiwa hai, akae mbele kama mama mwenye mwanawe, asife jambo hili liko wazi.

"Mama anasema hatakubali mpaka wewe useme," akaniambia. "Anasema mama wa Kongo ndiye anajua. Mimi sina maneno mengi, dada. Tungoje ama tusingoje?"

Alisimama pale pale walipomkamatia kaka yake. Pale pale! Mguu wake ulikuwa juu ya mzizi wa ule mti, ananitazama kwa macho ya mtu ambaye atachukua chochote nitakachompa. Neno moja tu lilihitajika. Lilifika kwenye meno.

"Ngojeni kidogo," nikasema.

Akashukuru! Akainamisha kichwa, akasema asante dada, akateremka kilima. Nami nilifunga mlango, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nikagundua nimekaa kidato kilekile. Taata aliniuliza kama ningefungua. Sasa nimepata jibu lake.

Wewe unayesoma, usimtilie marehemu maneno mdomoni, hata maneno mazuri, na hasa maneno mazuri. Ubaya uliomsingizia mtu utapata siku moja wa kukupinga. Uzuri uliomzushia hakuna atakayekupinga, watapiga makofi, na wewe utabaki ndani. Na mtu akikuambia hatakutupa, muulize amekuwekea wapi. Muulize! Huenda ameshachagua na pazia.

Wengine mnaweza kuishia hapa. Yaliyobaki ni ya mtu mmoja.

Danieli, majina nimeyabadilisha, lakini koti sikulibadilisha. Najua umeshajua. Kama umekaa karibu na kitanda na mama amekuomba umsomee, tafadhali kunja gazeti. Mwambie leo ukurasa hauna kitu. Asisikie haya kwa sauti yako, wewe ulishabeba ya kutosha.

Isaka alifika mlangoni kwetu. Aligonga kwa mikono miwili. Mkwe wangu alikuwa ndani na hakufungua, kwa sababu ya koti aliloliogopa, na walimchukua pale uliposimama. Hakwenda Kongo. Hakufika hata kwenye ngazi.

Msingoje. Kateni mgomba. Waambie ukoo wako waje.

Lakini kabla ya hapo njoo unichukue, nimwambie mama mwenyewe, kwa mdomo huu huu uliomdanganya. Nitakuwa nimeshavaa. Gonga tu, Danieli. Nitafungua.